Ushauri: andiko letu la ruzuku ya mafunzo ya pikipiki limerudishwa, turekebishe wapi?

Stendi_Pacha (mleta uzi)
Wakuu, naomba msaada wa wanaoandika au kupitia maandiko ya namna hii. Chama chetu kina wanachama 240 wanaobeba abiria na mizigo kwa pikipiki. Tuliomba ruzuku ya serikali kwa mafunzo ya usalama, kamati ikarudisha andiko na maoni mawili: "gharama haziendani na matokeo" na "matokeo hayapimiki".

Mpango ulikuwa huu: semina ya siku 1 ukumbini kwa wote 240, mkufunzi 1, kofia ngumu 240, fulana za kuakisi mwanga 240, chakula na posho. Lengo tuliandika "kupunguza vifo vya ajali kwa 50%". Tumepewa siku 21 za kurekebisha. Nianzie wapi?

Koni_ya_Njano
Anzia ukumbini, mkuu: uondoe. Watu 240 mbele ya mkufunzi 1 ni mkutano wa hadhara, na hakuna anayejifunza kushika breki akiwa amekalia kiti cha plastiki.

Kozi ya wanaoanza iliyozoeleka Marekani ni kama saa 5 za darasani na saa 10 juu ya pikipiki, mkufunzi 1 kwa wanafunzi wasiozidi 6 uwanjani. Uingereza wana mafunzo ya msingi ya lazima tangu 1990, na kule kikomo ni kikali zaidi: wanafunzi 4 kwa mkufunzi uwanjani, 2 tu wakitoka barabarani. Chagueni uwiano mmoja, muuandike, halafu bajeti yote ijengwe juu yake. Kamati ikiona "1 kwa 6" inajua mwombaji anaelewa anachoomba.

Uwanja: lami au zege, kama mita 40 kwa 70, bila mteremko, na pembeni pabaki mita 6 za wazi kabla ya ukuta, nguzo au mtaro. Maegesho ya taasisi ya umma siku za mapumziko yanatosha. Pateni barua ya ruhusa kabla ya kuwasilisha, maana uwanja usio na barua kwenye karatasi haupo. Koni 80, chaki, futi kamba ya mita 50, mafagio 4. Msicheke mafagio: mchanga kidogo juu ya lami, kwenye zoezi la breki, unaangusha hata mwenye uzoefu.

Leva_Mbili
Nakazia hapo kwenye breki, kwa sababu ndipo ruzuku hii inapopata uhalali wake.

Wengi wanaojifundisha wenyewe wanategemea breki ya nyuma. Wameambiwa ya mbele "inabinua". Ukweli ni kwamba pikipiki ikipunguza mwendo uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, na jepesi halishiki barabara, linaburuzika. Kinachoangusha ni kuikwapua leva ya mbele kabla uzito haujahama. Inatakiwa ikamuliwe: mguso kwanza, shoki za mbele zishuke, kisha nguvu iongezwe.

Hesabu ya kuweka kwenye andiko: kwa 50 km/h pikipiki inakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde 1 kushtuka, hizo 14 zimekwenda na breki haijaguswa. Breki zote mbili zikitumika vizuri kwenye lami kavu, zihesabie mita 16 nyingine. Ya nyuma peke yake, kama 28. Tofauti ni mita 12, yaani basi zima la abiria.

Zoezi lenyewe lifanyike kwa 30 km/h, si 50. Njia ya koni yenye upana wa mita 2, mstari wa chaki. Tairi la mbele likigusa mstari, mwanafunzi anakamua breki zote mbili na kubana klachi, macho mbele. Mkufunzi asimame pembeni, kamwe asisimame mwisho wa njia. Anayetazama chini kwenye tairi atayumba tu, hata kama mikono yake iko sahihi.

Na kabla ya yote, kagua leva. Pikipiki nyingi ndogo zina breki ya mbele ya dramu inayovutwa kwa kebo, na leva inatakiwa iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla breki haijaanza kushika. Kebo ikilegea leva inagusa mpini na breki bado haijakaza. Hapo unampima fundi wa pikipiki, humpimi mwanafunzi.

Mizani_ya_Data
Hilo lengo la 50% ndilo lililowaangusha, ndugu. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya wanaokusanya tafiti na kuzipima) ya mwaka 2010 yalikusanya tafiti 23 za mafunzo ya waendesha pikipiki na hayakuweza kusema kwa uhakika kama mafunzo yanapunguza ajali, kwa sababu tafiti nyingi zilikuwa dhaifu. Mjumbe yeyote wa kamati anayefuatilia mambo haya anakifahamu kitu hicho. Ukimuahidi nusu ya vifo anaweka andiko chini.

Isitoshe, kwa watu 240 na mwaka 1 idadi ya vifo ni ndogo mno kupimia chochote. Mwaka mmoja 2, mwaka unaofuata 1, utasema umepunguza kwa 50%, na mwaka wa tatu 3. Hiyo ni bahati inapanda na kushuka.

Ahidini mnachoweza kukishika kwa mkono: umbali wa kusimama kabla na baada ya kozi, asilimia ya wanaovaa kofia na kufunga mkanda, wakihesabiwa kijiweni bila taarifa, waliomaliza dhidi ya waliojiandikisha.

Mwendo pimeni hivi, kwa sababu spidomita za pikipiki zilizochoka zinadanganya. Weka koni 2 zilizoachana mita 8.3 kabla ya mstari wa breki. Anayezipita kwa sekunde 1 kamili yuko 30 km/h. Rekodi kwa simu kutoka pembeni, uhesabu baadaye. Hii si anasa: umbali wa kusimama unakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo aliyepita kwa 33 badala ya 30 ataonekana amesimama mbali zaidi kwa 21% hata kama breki yake ni ileile.

Kitu kingine ambacho hakiongezi gharama: hamuwezi kuwafundisha wote kwa mkupuo, basi pigeni kura nani aanze. Wanaosubiri nao wapimwe mwanzoni na katikati ya mradi. Tayari mna kundi la kulinganisha. Mkianza na wanaojitolea wenyewe, mtapata wale ambao tayari ni waangalifu, na tofauti mtakayoiona si ya kozi.

Kasma
Mimi nazungumzia pesa. Mleta uzi, kabla ya bajeti niambie: kati ya hao 240, wangapi ni wapya kabisa na wangapi wako barabarani miaka yote bila mafunzo?

Stendi_Pacha
Mkuu Kasma, wapya ni kama 60. Waliobaki 180 wana uzoefu, ila darasani hawajawahi kukaa.

Kasma
Basi mna kozi mbili, msizichanganye.

Wapya 60: makundi 10 ya watu 6, siku 2 za uwanjani kila kundi, mkufunzi 1 na msaidizi mwenye cheti cha huduma ya kwanza. Siku-mkufunzi (siku moja ya kazi ya mkufunzi mmoja) 20. Pikipiki 7, moja ya akiba. Zile saa 5 za darasani zifanyike jioni, makundi mawili kwa pamoja.

Wazoefu 180: makundi 15 ya watu 12, siku 1, wakufunzi 2. Siku-mkufunzi 30. Hawa waje na pikipiki zao.

Jumla 50, ongeza 5 za akiba kwa mvua. Mngeweka wote 240 kwenye kozi ndefu, makundi ya 12, wakufunzi 2, siku 2, mngefika siku-mkufunzi 80 na pikipiki 14. Hiyo ndiyo "gharama haziendani na matokeo".

Mafuta: kwa gia ya kwanza na ya pili uwanjani, kadiria nusu lita kwa saa kwa pikipiki ya 125 cc. Pikipiki 6 kwa saa 10 ni lita 30 kwa kundi, lita 300 kwa makundi 10. Msiishie kwenye kadirio langu: jaza tangi, fanya somo moja, jaza tena, andika kilichoingia.

Vipuri ndivyo watu husahau. Pikipiki ya mafunzo haigongi, inaanguka imesimama. Wekeni leva 10 za klachi, leva 10 za breki, indiketa 8, kebo 4 za klachi, na seti 3 za sahani za klachi, kwa sababu kwenda polepole huku klachi imebanwa nusu kunazichoma. Kreshgadi (vyuma vya pembeni vya kukinga pikipiki ikianguka) kwa kila pikipiki hurudisha gharama yake ndani ya wiki moja.

Koni_ya_Njano
Naongeza kwa hao wazoefu kuja na zao: iwepo fomu ya ukaguzi getini. Tairi lenye nyuzi nje, breki isiyoshika, mnyororo unaogusa swingi (mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma), taa ya breki isiyowaka, haingii uwanjani. Mwekeni fundi 1 kwa muda wa saa mbili kila asubuhi arekebishe vidogo papo hapo, la sivyo nusu ya darasa watarudi nyumbani. Hiyo kasma ya fundi iandikwe wazi.

Stendi_Pacha
Nashukuru sana wakuu, hapa napata picha tofauti kabisa. Maswali 2: je, tutoe bure kabisa? Na kuna anayejua vizuri vyanzo vya fedha zenyewe? Kuna mwenzetu anapendekeza tushawishi iwekwe tozo kwenye usajili wa pikipiki, iende moja kwa moja kwenye mafunzo.

Kasma
Bure kabisa msitoe. Mtu asipoweka chochote, siku akipata abiria asubuhi haji, na nafasi yake imeshalipiwa. Chukueni amana ndogo, arudishiwe jioni ya siku ya mwisho akiwa amesaini vipindi vyote. Iandikeni kwenye andiko kama amana, si mapato, na iwe na daftari lake.

Tozo ni wazo zuri lenye mtego. Majimbo mengi ya Marekani yanaendesha mafunzo kwa ada ya leseni au usajili wa pikipiki, na juu yake ipo ruzuku ya serikali kuu ambayo jimbo hupata fungu lake likitimiza walau vigezo 2. Kimojawapo ni kuthibitisha kwamba ada za waendesha pikipiki zinatumika kwa programu za pikipiki. Sababu ya kigezo hicho mtaiona Illinois. Jimbo lilikuwa na mfuko maalumu wa mafunzo uliojazwa na ada hizo, kisha fedha zikahamishiwa mfuko mkuu wa serikali. Chama cha waendesha pikipiki kikaenda mahakamani, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba hizo ni fedha za umma na serikali inaweza kuzihamisha. Kwa hiyo mkishawishi tozo, someni neno kwa neno sheria inasema nini kuhusu salio la mwisho wa mwaka wa fedha. "Mfuko maalumu" kwenye jina hauzuii kitu.

Kwa sasa bakini na ruzuku, ila ulizeni mapema: wanatoa fedha kwanza au mnatumia ndipo wanarudisha? Kama ni kurudisha, hamna mtaji wa kuendesha makundi 25 kwa mkopo wa dukani. Ombeni awamu 3, na ratiba isitaje tarehe. Andikeni "kundi la kwanza linaanza siku 30 baada ya fedha kuingia". Fedha huchelewa, na mkiwa mmeandika tarehe, taarifa yenu ya kwanza itakuwa ya kujieleza.

Mkanda_Kidevuni
Kofia msizifute, mzipange upya. Kofia ngumu ina ushahidi ambao mafunzo hayana: mapitio mengine ya Cochrane, ya 2008, yalikadiria inapunguza hatari ya kifo kwa 42% na ya majeraha ya kichwa kwa 69% kwa anayepata ajali. Hapo ndipo sentensi ya vifo inapokaa kihalali kwenye andiko.

Ila kofia 240 za saizi moja ni pesa mtaroni. Pima vichwa kwanza kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 1 juu ya nyusi, kuzunguka. Kofia ikivaliwa, mashavu yabanwe kidogo, mkanda uruhusu vidole 2 tu chini ya kidevu. Kisha shika nyuma ya kofia uivute kwenda mbele: ikivuka paji la uso, haimfai. Dai alama ya kiwango kinachokubalika kisheria iliyoshonwa ndani, si stika ya nje tu. Na kofia ya abiria je? Anayebeba abiria anahitaji 2. Kama fedha haitoshi, punguzeni fulana.

Stendi_Pacha
Dada Mkanda, hilo la abiria hatukuliwaza kabisa. Naongeza. Kuna kitu kingine cha kuogopa kwenye ukaguzi?

Kasma
Vitatu. Orodha ya mahudhurio isainiwe kila kipindi, si mara moja asubuhi, na iwe na namba ya leseni au ya leseni ya muda ya mwanafunzi. Pikipiki 7 ziingie kwenye daftari la mali kwa namba ya chesisi na ya injini, na andiko liseme mradi ukiisha ni za nani. Mkiliacha kimya, kesi ya kwanza itakuwa baina yenu wenyewe. Tatu, bima: nyingi za kawaida hazimgusi mtu asiye na leseni anayejifunza uwanjani. Ombeni kwa maandishi bima inayotaja neno "mafunzo", iwahusu wanafunzi na wakufunzi, na nakala iambatanishwe.

Leva_Mbili
Na wakufunzi, mkuu. Kwa siku-mkufunzi 55, ukimtegemea mtu mmoja akaugua, mradi umesimama. Andaeni 4, wawili wa zamu na wawili wa akiba, na siku 1 ya mazoezi yao wenyewe uwanjani kabla ya kundi la kwanza. Wote waweke koni kwa vipimo vilevile. Mmoja akiweka njia ya breki mita 2 na mwingine mita 3, takwimu za Mizani hazitalingana.

Stendi_Pacha
Nimeandika vyote. Kesho naanza na barua ya uwanja na kupima vichwa, andiko jipya nitaliweka hapa kabla ya siku ya 15 mlichane.

Mizani_ya_Data
Ukiliweka, weka na jedwali la vipimo tupu: jina, mwendo kwa sekunde, umbali, lami kavu au yenye maji. Safu hiyo ya mwisho watu huisahau, halafu kundi la siku ya mvua linaonekana halikujifunza kitu.