Viza ya Schengen: nikitoka Ujerumani kwenda London, nitaruhusiwa kurudi?

Mkulima wa Hombolo
Habari za kazi, ndugu zangu. Nalima zabibu Hombolo, na binti yangu anayeishi Köln amenialika nikamwone mjukuu. Natarajia kuingia Ujerumani tarehe 5 Mei na kukaa hadi tarehe 13 Juni, siku ambayo nitaruka kwenda London kwa mdogo wangu. Kisha nitarudi Ujerumani tarehe 23 Juni na kupanda ndege ya kurudi nyumbani tarehe 28, kwa kuwa mavuno ya Agosti hayanisubiri. Jirani yangu ananihakikishia kwamba viza moja inatosha kwa Ulaya yote. Je, ni kweli? Na siku za London zinahesabiwa pamoja na zile za Ujerumani?

Mstaafu wa Kilimani
Dada yangu, jirani amechanganya mambo. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, lina nchi 29, na Uingereza haimo, kwa hiyo London inahitaji viza yake, yenye ombi lake na ada yake.

Kinachowaponza wengi ni kutoisoma stika yenyewe ya viza inayobandikwa kwenye pasipoti. Ina mambo matatu yanayojitegemea: tarehe ambazo viza inatumika, siku unazoruhusiwa kukaa, na idadi ya mara za kuingia, ambayo huandikwa 1, 2 au MULT. Kwa kawaida tarehe ya mwisho huwekwa mbele kwa siku 15 zaidi ya siku za kukaa, ili ratiba ikisogea usikwame. Msafiri huiona tarehe hiyo, akadhani ndiyo ruhusa yake, akapitiliza. Kwako wewe, idadi ya kuingia ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu ikiwa 1, viza hiyo imekwisha kazi pale tu unapoondoka Ujerumani kwenda London, hata kama siku zimebaki.

Kuhusu hesabu, kikomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Tarehe 5 Mei hadi 13 Juni ni siku 40. Tarehe 23 hadi 28 Juni ni siku 6. Jumla yako ni 46. Siku za katikati ulizokuwa London hazimo.

Kijana wa Makole
Shikamoo, Mama. Hilo la namba 1 lilinikuta mwenyewe. Nilitoka Ufaransa kwenda London kwa siku nne, na wakati wa kurudi mhudumu wa kaunta alifungua pasipoti yangu, akaweka kidole juu ya ile namba, akaniuliza kama ninayo viza nyingine. Begi lilikuwa limeshapimwa. Nililazimika kununua tiketi mpya ya kurudi nyumbani moja kwa moja, na ile niliyokuwa nimeilipia kutokea Paris ikapotea.

Kwa hiyo omba viza ya kuingia mara mbili tangu mwanzo, na uambatanishe ratiba ya London ili sababu ionekane. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla yake. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Binti yako naye anaweza kusaini kule Ujerumani hati rasmi ya kukugharamia, ambayo wenyewe huiita Verpflichtungserklärung. Alama za vidole utazitoa Dar es Salaam, na kwa treni ya SGR si safari ya kuogopa tena.

Mstaafu wa Kilimani
Naongeza moja tu. Afisa anataka kuridhika kwamba utarudi, na wewe unacho kithibitisho ambacho wengi hawana: hati ya shamba na risiti za mauzo ya zabibu za misimu iliyopita. Vilivyo kwa Kiswahili vitafsiriwe kabla ya miadi.

Mkulima wa Hombolo
Nawashukuru sana. Nitaomba ya kuingia mara mbili, na tiketi sitailipia mpaka nimeiona stika. Ikitoka na namba 1, nitamaliza siku zangu zote Köln kwanza, kisha niende London na kurudi nyumbani kutokea hukohuko.