Bomba la mafuta linaishia Chongoleani, mkaa tunaambiwa tuache, na gesi hatuiwezi

Wakuu, salaam. Naandika nina hasira na sitaki kuificha. Mie ni mama ntilie hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja huu napika wali, maharage na chapati kandokando ya barabara ya Horohoro.

Mwaka jana tulipanga foleni na vitambulisho vya NIDA mkononi, tukauziwa mitungi ya kilo sita kwa nusu bei. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, na mie nikapiga makofi kama wenzangu. Tukaambiwa mkaa basi, tuokoe mapafu yetu na misitu. Sipingi hata neno moja la hapo. Moshi nimeukohoa miaka yote hii, na mikoko ya huku pwani naiona inavyokatwa.

Mtungi ule ulinidumu siku tisa. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, maharage yakiwa bado magumu, moto ukafifia, ukawa mwekundu, ukazima. Nikautikisa mtungi, mwepesi kama ndoo tupu. Kujaza Sh24,000. Kwenye kibindo nilikuwa na Sh6,500, na hiyo ndiyo hela ya unga wa kesho yake. Nikamtuma mtoto mkaa wa Sh2,000, maharage yakaiva, wateja wakala. Mtungi uko pembeni hadi leo, tumeuwekea kitambaa.

Jamani, anayepata hela kwa siku hununua kwa siku. Mafuta ya kula tunanunua ya kupima, sukari robo, mkaa kopo. Gesi hainunuliki kwa kopo. Waliopanga mambo haya wamenipunguzia bei ya chuma, kitu ninachonunua mara moja maishani, halafu kilichomo ndani, ninachokihitaji kila wiki, wameniachia mwenyewe na soko.

Umeme nao nilijaribu. Nikaazima jiko la presha la umeme kwa wifi yangu, na kweli linapika vizuri. Lakini sisi wa matumizi madogo tuna uniti 75 kwa mwezi za bei nafuu, ukivuka hapo bei ya uniti inaruka zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo ukiacha mkaa ukapikia umeme, unaadhibiwa! Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, tumelijenga kwa hela zetu. Aliyeshindwa kuoanisha bei ya uniti na kampeni ya kupika kwa nishati safi alikuwa anafikiria nini?

Kuna na shule anayosoma mwanangu. Agizo lilitoka kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 mwisho wa kuni na mkaa ni Januari 2024. Shule ikatii, ikafunga majiko ya gesi. Hela ya kujaza ikaja kwa wazazi. Nusu hatukuweza kuchanga, sasa uji ni siku tatu kwa wiki. Watoto wa darasa la pili wanarudi saa nane mchana na njaa.

Sasa geuza macho Chongoleani, hapa hapa Tanga kando ya bahari. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba zima linapashwa moto, nyuzi 50 na kitu, kutoka Ziwa Albert mpaka baharini. Mafuta hayo yakisafishwa hutoa na gesi ya mitungi, lakini hapa hakuna kiwanda cha kusafishia. Mpango ni yafike ghafi, yapakiwe melini, yaondoke. Gesi ya kwenye mtungi wangu tunaiagiza nje kwa dola. Na msiniambie habari ya Songosongo na Mnazi Bay, ile gesi asilia inahitaji bomba mpaka jikoni, na bomba hilo Tanga halijafika.

Wapo watakaosema nchi ya mafuta haiwezi kudai hewa safi. Norway inauza mafuta na gesi dunia nzima, na mwaka 2024 karibu gari tisa kwa kila kumi mpya zilizouzwa kule zilikuwa za umeme. Walifanyaje? Waliondoa kodi ya kununulia tangu 1990, na VAT tangu 2001, mpaka gari safi likawa rahisi kuliko chafu. Kwetu kinachotangulia ni katazo.

Taifa lina asilimia 15 ya hisa kwenye bomba hili. Mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nataka hela ya hisa hizo, ikianza kuingia, iende kwenye bei ya kujaza mtungi, na ianzie mikoa minane ambayo bomba limepita mashambani kwa watu. Nataka uniti za kupikia zisihesabiwe kama anasa. Na nataka mitungi ya mita, ile unayolipia kwa simu hata Sh1,000 ukapika mlo mmoja, iletwe na huku. Mlioko Dar mnaoitumia, hebu nielezeni: kufungiwa ni shilingi ngapi, na Sh1,000 inaivisha maharage kilo moja au haifiki?