Gitaa la marehemu baba mdogo: nina shilingi 150,000, nianzie wapi?

Kigingi (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri wenu kuhusu gitaa la umeme la zamani ambalo familia imenikabidhi baada ya msiba wa baba yangu mdogo, aliyekuwa mpiga rithimu katika bendi za dansi za hapa mjini tangu ujana wake hadi vidole vilipokataa. Wenzake wengi wa enzi zile walipigia vyombo vya chama, kiwanda au jumuiya iliyowaajiri, na dansi likiisha vyombo vilirudi stoo. Hili lilikuwa lake mwenyewe, na ndiyo sababu limekutwa chini ya kitanda chake.

Bamba la chuma nyuma, pale shingo inapofungwa kwa skrubu nne, limeandikwa kwamba gitaa limetengenezwa Japani, ila jina la kiwanda lililokuwa kichwani limebanduka na kuacha alama za gundi tu. Lina pikapu mbili (vinasa sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi), na kila moja ina kifuniko cha chuma chenye uwazi unaoonyesha karatasi ya rangi ya dhahabu. Kila pikapu ina swichi yake ya kubonyeza. Pikapu ya shingoni inatoa sauti, ya nyuma haitoi kitu. Kitufe cha sauti kinakwaruza, vigingi viwili vya kukazia nyuzi havizunguki, nyuzi zimeliwa na kutu, na hata nilipofunga nyuzi mbili za majaribio zilikaa juu mno, kiasi kwamba kubana noti za katikati ya shingo kunaumiza.

Fundi mmoja niliyempelekea amesema rangi yote ikwanguliwe na gitaa lipigwe rangi ya gari kwa shilingi 90,000, na kwamba pikapu zote mbili zimechoka, nitafute mpya. Uwezo wangu wote ni shilingi 150,000, na ada za watoto za Januari zinakaribia, kwa hiyo siwezi kuongeza. Nataka gitaa hili lipigike, si lipambe ukuta. Nianzie wapi?

Mzee wa Rithimu (Morogoro)

Pole sana kwa msiba, mwanangu, Mungu amrehemu marehemu. Nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usikubali rangi hiyo ikwanguliwe. Mahali mkono wa baba yako mdogo ulipokuwa ukipita, juu ya pikapu na kwenye ukingo wa bodi, bila shaka rangi imelika, na mchubuko huo hauna duka unakouzwa. Mbali na hayo, rangi haitoi sauti. Ukitoa 90,000 kwenye rangi, utabaki na gitaa linalong'aa lisilopigika.

Lehemu (Dar es Salaam)

Naungana na Mzee wa Rithimu. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, na magitaa ya aina hii yamepita mikononi mwangu. Kwa maelezo yako ya karatasi ya dhahabu na swichi za kubonyeza, inawezekana kabisa kuwa ni kazi ya Teisco, kampuni ya Japani ambayo Kawai waliinunua mwaka 1967. Lakini viwanda vya Japani vya wakati huo vilitengeneza magitaa yenye sura zinazofanana na kuyauza kwa majina mengi tofauti, kwa hiyo usiape kwa sura peke yake. Lenye faida kwako ni hili: pikapu za karatasi ya dhahabu, ambazo zamani zilihesabiwa za bei rahisi, sasa zinatafutwa sana. Mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder alichukua pikapu ya namna hiyo akaifunga kwenye Stratocaster yake, gitaa la kampuni ya Fender, na tangu hapo watu hununua magitaa mabovu ya Teisco ili kuchomoa pikapu tu. Anayekwambia uzitupe hajui anachokishika, au anakijua vizuri mno.

Sasa usinunue chochote mpaka umepima. Azima maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iweke kwenye kipimo cha omu, chomeka waya wa gitaa kwenye tundu lake, kisha gusa ncha na mwili wa plagi ya upande wa pili, vitufe vyote vya sauti vikiwa vimefunguliwa hadi mwisho. Washa pikapu ya shingoni peke yake. Ikiwa nzima, utasoma kilo omu kadhaa, aghalabu kati ya 5 na 10. Kisha izime na kuwasha ya nyuma. Ukisoma namba kubwa kama kilo omu 250 au 500, jua kwamba husomi pikapu, unasoma kitufe cha sauti. Maana yake umeme haupiti kwenye koili, yaani uzi wa shaba uliozungushwa ndani ya pikapu. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kutopita kwa umeme kuna sababu nyingi, na koili kuungua karibu si mojawapo. Inaweza kuwa swichi iliyooza kwa chumvi ya bahari, au waya uliong'oka kwenye lehemu, au uzi wa koili uliokatika pale unapoungana na waya mnene. Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, takriban milimita 0.06, na ukipata unyevu wa pwani hugeuka kijani na kukatika mwisho wake, hali mizunguko elfu kadhaa iliyo ndani iko salama.

Kitufe kinachokwaruza hakihitaji kubadilishwa. Kipulizie dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme kupitia kile kitundu kidogo kilicho karibu na miguu yake, halafu kizungushe mara thelathini au arobaini. Usitumie mafuta ya kulainishia kufuli, kwani hunasa vumbi na baada ya miezi utarudi pale pale.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito wote: nyuzi za gitaa huunganishwa na ethi ya amplifaya kupitia daraja, kile kinachobeba nyuzi upande wa bodi. Amplifaya ikiwa ya zamani, haina waya wa ethi na ina hitilafu ndani, volti 230 zinaweza kufika kwenye vidole vyako, na hatari huwa kubwa zaidi midomo ikigusa maikrofoni. Usijaribu gitaa hili kwenye amplifaya yoyote ambayo plagi yake ya pini tatu imekatwa na kufungwa mbili.

Seremala wa Likoni (Mombasa)

Kigingi, mimi hushughulika na mbao zaidi kuliko umeme, basi niruhusu nizungumzie shingo, maana nyuzi kukaa juu ndilo tatizo ambalo wengi hulipia pesa nyingi na dawa yake ni kipande cha ubao.

Funga nyuzi kwanza, hata zilizochakaa, na uzikaze hadi kwenye sauti zake, kwa sababu shingo isiyovutwa haisemi kweli. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha utazame upenyo chini ya uzi karibu na freti ya saba. Ukiwa kama unene wa kadi nyembamba, robo ya milimita hivi, shingo ni nzuri, usiiguse. Ukipita kadi mbili au tatu, tazama kama kichwani kuna kifuniko kidogo cha plastiki chenye nati chini yake; hiyo hukaza chuma kilichomo ndani ya shingo. Legeza nyuzi kidogo, zungusha robo mzunguko tu, kaza tena, na uache hadi kesho yake. Nati ikikataa, usiilazimishe, kwani chuma kikikatika humo ndani huna tena pa kukishika.

Shingo ikiwa imenyooka na nyuzi bado ziko juu, kosa liko kwenye pembe ya shingo na bodi. Fungua zile skrubu nne, weka ndani ya kikao cha shingo, upande wa karibu na pikapu, kipande chembamba cha ubao mgumu kisichozidi nusu milimita, ufunge tena. Utashangaa jinsi nusu milimita pale inavyozisogeza nyuzi karibu na freti. Lenga milimita 2 hivi kati ya uzi na freti ya kumi na mbili. Mpiga rithimu anayechapa kwa nguvu huhitaji zaidi kidogo kuliko mpiga solo.

Kile kipande cheupe kinachokaliwa na nyuzi karibu na kichwa, kama ni cha plastiki na kimepasuka, usinunue. Nenda buchani uombe mfupa wa muundi wa ng'ombe. Uchemshe kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke, uukaushe kivulini wiki kadhaa, kisha ukate na kusawazisha kwa msasa juu ya kioo. Mifereji ya nyuzi nene ichongwe kwa vipande vya nyuzi kuukuu zenyewe, kwani mzunguko wake hukata kama tupa. Mimi nimefanya hivi mara nyingi, na mfupa hauna mpinzani.

Vigingi visivyozunguka, usivitupe kabla ya kuvipa tone la mafuta ya cherehani usiku mmoja. Vikiwa vile vishikio vya plastiki vya kuzungushia ndivyo vilivyosagika, chuma chenyewe kikiwa kizima, chonga vingine kwa mpingo au kwa pembe ya ng'ombe. Ukilazimika kununua, pima umbali wa matundu ya skrubu kwanza, la sivyo utatoboa kichwa upya bila haja.

Mzee wa Rithimu

Nyuzi zenyewe zisiwe nene. Chukua seti inayoanzia 9 au 10, yaani unene wa uzi mwembamba kuliko wote kwa sehemu za elfu za inchi. Shingo ambayo imekaa bila kuvutwa miaka mingi haipaswi kubebeshwa mzigo mkubwa ghafla.

Kigingi

Nashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimechukua siku tisa kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na majibu.

Nilipima kama alivyoelekeza Lehemu. Pikapu ya shingoni imesoma kilo omu 6.4. Ya nyuma ilisoma karibu 500, nikakumbuka onyo lako kwamba hicho ni kitufe, si pikapu. Nikafungua bamba la mbele. Swichi ilikuwa nzima, na waya ulikuwa bado umeshika kwenye lehemu. Nikaitoa pikapu, nikakaa nayo dirishani saa za asubuhi nikiwa na kioo cha kukuzia, na pale pembeni, mahali uzi wa koili unapotokea chini ya utepe mkuukuu, nikaona doa la kijani dogo kama mbegu ya mchicha. Nilipoligusa kwa kijiti cha meno, ncha ya uzi iliinuka peke yake, imekatika.

Sikuthubutu kulehemu mwenyewe. Nimeirudisha ilivyokuwa na kuifunga kwa kitambaa. Je, fundi wa redio wa kawaida anaweza kazi hii, au niitume kwako Dar es Salaam? Nina swali la pili pia: freti zina kutu nyepesi, na nimeambiwa nitumie sufi ya chuma.

Lehemu

Umefanya vyema kutokugusa. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaiweza, maana wengi wao wamewahi kuunganisha koili za spika, ambazo si mbali na hii. Mwambie mambo mawili. Uzi huo umepakwa vanishi, kwa hiyo lazima ikwanguliwe kwa msasa laini sana kwenye milimita mbili za mwisho, la sivyo lehemu haitashika. Halafu asiuunganishe uzi moja kwa moja kwenye waya mnene; atangulize kipande cha waya mwembamba uliosokotwa, akibandike kwa utepe juu ya koili, ndipo auunganishe uzi hapo, ili siku waya mnene ukivutwa uzi usivutwe nao. Atumie kifaa cha wati 30 au 40, si kile kikubwa cha kulehemu mabati. Akikuta uzi umekatika upande wa nje wa koili, anaweza kufungua mzunguko mmoja au miwili kupata urefu wa kutosha, na sauti haitabadilika hata kidogo. Ukiona mashaka, itume, nami sitakutoza zaidi ya nauli ya basi ya kuirudisha.

Seremala wa Likoni

Sufi ya chuma ni nzuri kwa freti, ile laini kabisa, lakini pikapu ziwe zimetolewa na kuwekwa chumba kingine. Zina sumaku, na vumbi lile la chuma likizishika halitoki tena. Ziba ubao kati ya freti kwa utepe wa karatasi, sugua kufuata urefu wa freti, kisha ufute ubao kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Skrubu zilizoshika kutu ziloweke kwenye siki usiku mmoja, uzisuuze, uzikaushe na kuzipaka mafuta.

Ukishafunga nyuzi mpya, pima kutoka kipande cha mfupa hadi freti ya kumi na mbili, na daraja ulikalishe umbali huo huo kutoka freti hiyo, likizidi kidogo upande wa nyuzi nene. Hapo ndipo litakapoimba sawasawa kutoka chini hadi juu ya shingo.

Kigingi

Mpaka leo nimetumia shilingi 8,000 kwa dawa ya kusafishia kitufe na 2,500 kwa msasa na utepe. Mfupa nimepewa bure buchani, unakauka juu ya kabati. Vigingi vyote sita vinazunguka baada ya mafuta ya cherehani. Pikapu naituma kwa Lehemu kwa basi la Jumatatu asubuhi, nimeifunga kwenye kopo la maziwa lililojazwa pamba. Na nyuzi nitaagiza hizo za 10.