Mtawala wa Aburĩria: nithibitisheje kwamba anajiabudu?

mwanafasihi
Wadau, naandika insha kuhusu Mtawala, dikteta wa nchi ya Aburĩria katika riwaya *Mũrogi wa Kagogo* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2006. Hoja yangu ni kwamba anajiabudu, lakini rasimu inarudia tu "ana majivuno, ni katili". Ushahidi wenye uzito uko wapi?

Kalamu
Anzia kwa Rachael, mkewe. Alimuuliza mumewe kuhusu wasichana wa shule anaolala nao, akafungiwa kwenye jumba ambamo saa zote zimesimamishwa wakati uleule aliouliza swali. Nguo ni zilezile, chakula kilekile, wimbo uleule, mpaka atakapolia. Mkazo wote uweke hapo. Dikteta wa kawaida angemwua au kumpa talaka yakaisha. Huyu anayataka machozi, kwa sababu bila ya mtu wa kumnyenyekea hajioni mtu. Rachael hatoi chozi, na mamlaka yote ya nchi yanagota mlangoni pake. Chambua kifungu hicho kwa kirefu kuliko vingine vyote.

Msomaji wa Pwani
Baada ya hapo waingie mawaziri. Machokali alikwenda London kupanuliwa macho, Sikiokuu akaenda Paris kwa ajili ya masikio, ili maadui wa Mtawala wasipate pa kujificha. Wanafunzi wengi huandika "hii ni chuku" (kutia chumvi) wakaweka nukta, na alama zinapotea hapo. Eleza chuku hiyo inafanya nini: watu wazima wanajitoa miili yao iwe viungo vya mtu mmoja. Majazi, yaani majina yanayobeba sifa za wahusika, yanajieleza, sentensi moja inatosha.

Halafu mnara wa kufika mbinguni, zawadi yake ya siku ya kuzaliwa, unaosubiri mkopo wa benki ya kimataifa. Yuko Marekani kuuhangaikia mkopo huo ndipo mwili unapoanza kufura na sauti kukauka. Ukiutenganisha uvimbe na mkopo, unabakiwa na kioja kisicho na maana.

Kalamu
Naunga mkono. Tahadhari moja: usimfanye Mtawala kuwa Moi, rais wa zamani wa Kenya, peke yake. Ni kweli mnara unakumbusha jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, ambalo mwanamazingira Wangari Maathai alilipinga. Litaje, lakini lisibebe insha. Mtawala hakupewa jina, na Aburĩria ni nchi ya kubuni. Ukimfunga kwa rais mmoja, utakwama kila anapotenda jambo ambalo rais huyo hakulitenda.