Ghala la pembejeo Mbeya: stoo ya akiba na sehemu ya kutolea oda zitengane au zikae pamoja?

KijanaWaIyunga
Wakuu habari za jioni. Tumepata ghala Iyunga, tunahama kutoka Soweto hapahapa Mbeya kabla mvua za Novemba hazijaanza. Ni pembejeo, tunasambazia maduka ya Mbalizi, Chunya, Tukuyu hadi Tunduma. Kuna jamaa Dar anauza rafu za chuma za mtumba, anataka jibu wiki hii.

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anataka mzigo wote upangwe pamoja, anayetoa oda achukue kwenye rundo moja kwa moja. Mwingine anataka akiba ikae nyuma, na mbele karibu na mlango kuwe na sehemu ndogo ya kutolea oda, ikipungua tunajazia. Ipi inalipa? Naombeni uzoefu.

StooKipa_Mafinga
Mkuu, hapo hujatupa kitu cha kushika. Ghala lina ukubwa gani? Aina ngapi za bidhaa? Oda zinatoka kwa mfuko, katoni au chupa mojamoja? Una foklifti au unategemea wapagazi? Bila hayo kila mtu atakujibu ghala lake.

MamaPembejeo
Tenganisha, wala usisumbuke. Mtoaji wa oda anamaliza muda wake mwingi kutembea, sio kuchukua mzigo. Vinavyotoka kila siku viwe kuanzia usawa wa kiuno hadi kifua, hatua chache kutoka meza ya kufungashia. Mimi sirudi tena kwenye rundo moja.

MwanaWaMakambako
Dada, kutenganisha ni kuzuri pale kujazia kunapokuwa na mwenyewe. Nilifanya kazi kwa mwajiri mmoja wa jumla, sabuni, mafuta ya kula na biskuti. Walitengeneza sehemu ya mbele safi kabisa, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuijaza. Kila mtu alijua mwenzake atajaza. Asubuhi lori la Ludewa linasubiri, rafu ya mbele tupu, leja inasema mzigo upo. Basi mtoaji anakimbia nyuma, anachana katoni, anatoa anazotaka, anaiacha hukohuko. Kesho mwingine anachana nyingine. Ikafika bidhaa moja iko sehemu tatu, zote zimefunguliwa. Mbaya zaidi walikuwa wanachana upande wa ukutani. Ukitazama kwa mbele katoni nzima, ukiinyanyua inapaa mkononi. Hesabu ya stoo ikawa inafanywa kwa macho, kwa hiyo ni ya uongo. Wateja wakapelekewa nusu ya oda na kuambiwa mengine yanakuja. Biskuti zilizokuwa chini kabisa zilikuja kuonekana tarehe imeshapita. Kelele zote zikamwangukia stoo kipa, wakati yeye alishaomba mtu wa kujazia jioni akanyimwa.

Kwa hiyo kabla ya rafu, ajiri mjazaji. Ajaze jioni oda zikishafungwa, na kila bidhaa iwe na alama: ikifika hapa, leta katoni.

KijanaWaIyunga
Nimeona maswali. Ghala ni kama mita 20 kwa 30. Aina karibu mia mbili: mbolea (UREA, DAP, CAN), mbegu za pakiti, viuatilifu vya chupa, mabomba ya kupulizia na vipuri vyake. Foklifti hatuna, kuna toroli moja la jeki. Mbolea inatoka kwa mifuko mingi, vingine kwa chupa na pakiti.

StooKipa_Mafinga
Sasa tunaongea. Mbolea isipite sehemu ya mbele hata siku moja. Mfuko ni kilo 50. Ukiutoa nyuma kuuleta mbele, halafu mbele hadi kwenye gari, umelipa wapagazi mara mbili kwa mfuko uleule. Ipange kwenye mapaleti (vile vichanja vya mbao vya kubebea mzigo) karibu na mlango wa kupakilia, ichukuliwe hapohapo.

Chupa na pakiti ndizo zitenganishe. Na sio zote. Kipuri kinachotoka mara chache, ambacho stoki yake yote inaenea kwenye kisanduku, kiweke mbele chote, kisiwe na akiba nyuma. Kumbuka pia, sehemu ya mbele ikiwa ndogo sana mjazaji hapumziki, ikiwa kubwa sana mtoaji anarudi kutembea kulekule.

MamaPembejeo
Hapo kwa mbolea nakubali. Ila mbegu na viuatilifu visikae chumba kimoja, harufu na uvujaji vinaharibu mbegu. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wakija watakuuliza hilo. Na UREA isiguse sakafu wala ukuta, inavuta unyevu inaganda kama jiwe.

Fundi_Uyole
Mimi naona mnaruka swali la pesa. Hana foklifti, rafu ndefu za nini? Paleti ya mifuko 20 ni tani nzima, nani ataipandisha?

MwanaWaMakambako
Katoni za chupa zinapandishwa kwa ngazi, mkuu.

Fundi_Uyole
Kwa ngazi, mtu amebeba katoni ya sumu? Hapana, sikubali. Chini sehemu ya kutolea, juu akiba, ni mpango mzuri kwa mwenye mashine. Asiye na mashine apige rafu za mbao zisizozidi urefu wa mtu. Na za mtumba akague nguzo, ikipinda kidogo tu uwezo wake unashuka sana.

StooKipa_Mafinga
Mbao Mafinga zipo tele, ila sumu ikimwagika mbao inanyonya, huisafishi tena. Kwa viuatilifu chuma ni bora.

Fundi_Uyole
Weka trei ya plastiki chini ya chupa, imekwisha.

KijanaWaIyunga
Nimemwomba jamaa wa Dar picha za miguu na nguzo. Mwenzangu wa rundo moja bado amekaza, anasema mjazaji ni mshahara wa bure msimu ukiisha.

MamaPembejeo
Msimu ukiisha huyohuyo ahesabu stoo na kupekua tarehe za mwisho. Samahani natoka nje ya mada, kuna mwenye mbegu ya mahindi UH6303 ya jumla huko Uyole? Maduka ya Njombe wananiulizia.

Fundi_Uyole
Njoo inbox, dada.