Kiwanda cha kurutubisha urani kisanifiwe kwa kanuni za majengo ya kawaida au za vinu vya nyuklia?

Msomaji_wa_Kanuni ameandika:

Ndugu zangu, nimekuwa nikipitia namna Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani (NRC) inavyotoa leseni kwa viwanda vya kurutubisha urani, na upande wa miundo umenikwaza. Kwa kinu cha kuzalisha umeme, mambo yako wazi tangu mwanzo: majengo muhimu yanasanifiwa kwa kanuni maalumu za zege na chuma cha nyuklia. Lakini kiwanda cha kurutubisha kinaongozwa na Sehemu ya 70 ya Kanuni za Shirikisho, ambayo kwa majanga ya asili haimtajii mwombaji kanuni yoyote ya ujenzi. Kifungu cha 70.64 kinataka tu usanifu wa kiwanda kipya utoe kinga ya kutosha, kwa kuzingatia matukio makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa katika eneo husika. Kwa maneno mengine, mwombaji mmoja anaweza kuja na ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani inayotumika kusanifu ofisi na maghala, na mwingine akaja na ACI 349 ya miundo ya nyuklia, na wote wakasikilizwa.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini mlango umeachwa wazi kiasi hicho? La pili linahusu hesabu. Kifungu cha 70.61 kinataka tukio lenye madhara makubwa liwe na uwezekano mdogo sana, na mwongozo wa mapitio, NUREG-1520, unakadiria kipimo hicho kuwa chini ya 1 kwa 100,000 kwa mwaka kwa kila tukio. Hata hivyo naona usanifu unaotumia tetemeko la miaka 10,000, yaani linalotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 10,000, ukihesabiwa kuwa umetimiza sharti. Hiyo tofauti ya mara kumi inazibwa na nini?

Mhandisi_wa_Zege amejibu:

Ndugu, swali lako la kwanza halijibiki ukianzia kwenye zege. Anza na kile kinachoweza kutoka endapo jengo litashindwa. Katika kinu cha umeme kuna mabaki ya mpasuko wa atomi yanayoendelea kutoa joto hata baada ya kinu kuzimwa, kwa hiyo jengo likianguka na kuharibu mifumo ya kupoza, ndipo balaa inapoanza. Kiwanda cha kurutubisha hakina joto hilo. Kilichomo ni heksafloridi ya urani, ambayo katika joto la kawaida ni yabisi, na ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka kuwa uranili floridi na haidrojeni floridi. Hiyo haidrojeni floridi ndiyo ya kuogopwa kwanza. Tarehe 4 Januari 1986, huko Gore, Oklahoma, katika kiwanda cha kugeuza urani cha Sequoyah Fuels, mtungi uliojazwa kupita kiasi ulipashwa moto, ukapasuka, na mfanyakazi mmoja akafa. Aliuawa na asidi, si mionzi. Heksafloridi ikiyeyuka hupanuka kwa zaidi ya theluthi moja, na mtungi haukuwa na nafasi ya kuupokea upanuzi huo.

Ndiyo maana kifungu cha 70.61 kinapima madhara kwa vipimo vya aina mbalimbali. Kwa mtu aliye nje ya eneo linalodhibitiwa, madhara huhesabiwa kuwa makubwa akipata mionzi ya siveti 0.25, au akiingiza mwilini miligramu 30 za urani inayoyeyuka, kwa sababu figo huanza kudhurika kabla mionzi haijawa hoja, na kemikali kama haidrojeni floridi zina kipimo chao pia.

Sasa pita ndani ya kiwanda chenyewe. Kumbi za sentrifuji, yaani mashine zinazozungusha gesi ya urani kwa kasi ili kuirutubisha, ambazo ndizo zinazoonekana kwenye picha kila mara, zina gesi kidogo mno, tena chini ya kanieneo la hewa ya nje. Bomba likivunjika, hewa huingia ndani kabla ya gesi kutoka. Uzito wenyewe uko kwenye mitungi: aina ya 48Y ya kuletea malighafi hubeba takriban tani 12.5, na ile ya 30B ya kutolea bidhaa hubeba kilo 2,277. Lakini hata mitungi hiyo, ikiwa imejaa yabisi na imepoa, si tishio kubwa. Mahali pa kukosea usingizi ni pale bidhaa inapoyeyushwa ndani ya otoklevu, yaani chombo kizito kinachofungwa na kupashwa moto, ili kuchukua sampuli, kwa sababu hapo ndipo penye kimiminika kilicho juu ya kanieneo la hewa. Jengo la otoklevu hizo na ghala la mitungi mitupu yako ndani ya uzio mmoja na chini ya leseni moja, na kuyasanifu kwa kanuni ile ile ni kupoteza fedha upande mmoja au usalama upande wa pili.

Kwa hiyo sheria inamtaka mwombaji afanye kwanza uchanganuzi jumuishi wa usalama: ataje kila mfuatano wa ajali, madhara yake, na vitu anavyovitegemea kuuzuia au kuupunguza makali. Jengo likiwa miongoni mwa vitu hivyo, litabeba masharti mazito. Lisipokuwa, kanuni ya kawaida inatosha. Binafsi naona mpangilio huu ni sahihi, ingawa unamtwisha mkaguzi kazi kubwa ya kufikiri.

Nikirudi kwenye ACI 318, tatizo lake si zege dhaifu. Kanuni za majengo ya kawaida hugawanya nguvu ya tetemeko kwa kigezo fulani, kwa matumaini kwamba nondo zitanyumbuka, nguzo zitapasuka hapa na pale, na watu watatoka wakiwa hai. Lengo hilo likitimia, jengo limefaulu. Sasa tazama bolti zinazoshikilia otoklevu sakafuni. Zege likipata ufa unaopita kwenye shimo la bolti, uwezo wa bolti hiyo kustahimili mvuto wa kwenda juu hupungua sana. Otoklevu inasogea, bomba lililounganishwa nayo linakatika, na jengo bado limesimama wima bila mtu kuangukiwa na kitu. Kwa kipimo cha ofisi tumefaulu, kwa kipimo cha 70.61 tumefeli. ACI 349 hutaka muundo ubaki karibu na hali yake ya awali chini ya mizigo mikali kupita kiasi, hujumuisha joto na mishtuko ya vitu vinavyogonga, na ni kali zaidi kwenye hizo bolti za nanga.

Kokotoa ameandika:

Nami nitashika swali la pili, kwa sababu ni swali zuri na mara nyingi hujibiwa kwa kupepesa. Tetemeko la miaka 10,000 ni mzigo wa kusanifia, si mzigo wa kuangushia jengo. Katikati ya hivyo viwili kuna akiba, na hiyo akiba ndiyo inayoziba pengo, ila kwa sharti la kuihesabu badala ya kuidhania.

Kiwango cha ASCE 43-05, cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani kwa usanifu wa miundo ya nyuklia dhidi ya matetemeko, kinalenga kwamba, tetemeko la usanifu likitokea, uwezekano wa muundo kushindwa usizidi takriban asilimia 1, na likitokea lenye nguvu mara moja na nusu, usizidi asilimia 10. Chukulia basi kwamba kutawanyika kwa uwezo wa muundo ni 0.4 kwa kipimo cha logi, jambo la kawaida. Sharti la asilimia 1 linamaanisha kwamba uwezo wa kati wa muundo ni kama mara 2.5 ya tetemeko la usanifu. Hapo unachukua mchoro wa hatari wa eneo lenyewe, unaouliza ardhi itikisike kwa nguvu gani zaidi ili marudio yapungue mara kumi. Ikiwa jibu ni mara 2, hesabu inatoa uwezekano wa kushindwa wa takriban 1.1 kwa 100,000 kwa mwaka. Pengo lako limezibika karibu lote, bila kuongeza nondo hata moja.

Lakini ikiwa mchoro wa eneo ni wa mteremko mpole, yaani ardhi inahitaji kutikisika mara 3 zaidi ili marudio yapungue mara kumi, muundo ule ule wenye akiba ile ile unatoa takriban 2 kwa 100,000. Akiba imezaa mara tano tu. Waandishi wa ASCE 43-05 waliliona hilo, na ndiyo sababu ya kigezo cha usanifu wanachozidishia mtikisiko: 0.6 mara uwiano wa mteremko (ile mara 2 au mara 3 ya hapo juu) ukipandishwa kwa kipeo cha 0.8, na kisishuke chini ya 1. Kwa uwiano wa 3 kigezo kinakuwa kama 1.45, na ukirudia hesabu unapata chini kidogo ya 1 kwa 100,000. Kwa hiyo mwombaji anayesema ametumia tetemeko la miaka 10,000 akaishia hapo hajajibu swali. Aulizwe mchoro wa eneo lake una mteremko gani, na je, kanuni aliyosanifia inampa kweli ile asilimia 1.

Hapo ndipo nakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu ACI 318. Huwezi kuchukua mtikisiko wa ASCE 43-05, ukaugawanya kwa kigezo cha majengo ya kawaida, kisha ukadai akiba ya ASCE 43-05. Utakuwa umeitumia akiba ile ile mara mbili.

Msomaji_wa_Kanuni ameandika:

Nawashukuru nyote. Hesabu nimeifuata na nimeikubali. Kinachonibakia ni wasiwasi wa kitaratibu. Ikiwa kanuni ya ujenzi inachaguliwa na mwombaji kutokana na uchanganuzi alioufanya mwenyewe, na leseni inatolewa kabla ya ujenzi, nani anahakikisha kwamba kilichosimama ndicho kilichohesabiwa? Na vipi majengo yaliyokuwapo kabla ya haya yote?

Kalamu_ya_Ukaguzi amejibu:

Sheria ya Nishati ya Atomiki, kupitia kifungu cha 193 kilichoongezwa mwaka 1990, inataka leseni ya kiwanda cha kurutubisha iwe moja tu, ya kujenga na kuendesha kwa pamoja, na inalazimisha kikao cha usikilizaji hata kama hakuna anayepinga. Kwa upande mmoja, jambo hilo linaongeza uzito wa wasiwasi wako, kwa kuwa baada ya leseni hakuna mlango wa pili wa kusimamishia mradi kwa hoja mpya. Kwa upande mwingine, kifungu hicho hicho kinakataza uendeshaji kuanza kabla Tume haijathibitisha kwa ukaguzi kwamba kiwanda kimejengwa kama leseni inavyodai. Kwa mfano, kiwanda cha Louisiana Energy Services karibu na Eunice, New Mexico, kilipata leseni Juni 2006 na kikaanza kazi Juni 2010.

Katika miaka ya namna hiyo ndipo usalama wa miundo unapopatikana au kupotea. Karatasi zinasema nondo ya kipenyo fulani kwa nafasi fulani, na mkaguzi anachokitaka ni cheti cha kundi la chuma lililoyeyushwa pamoja, kilichotoka kiwandani, matokeo ya sampuli za zege zilizovunjwa maabara, na rekodi ya nani alitoboa shimo la bolti, kwa kina gani, na kama alikutana na nondo akaikata. Hilo la mwisho msilidharau. Fundi anayekata nondo ili bolti iingie anaharibu dhana mbili za mhandisi kwa mkupuo mmoja, na zege likishafunikwa rangi hakuna jicho litakaloona. Mhandisi akibadilisha kanuni katikati ya ujenzi, labda kutoka ACI 349 kwenda ACI 318 kwa sehemu fulani, mwenye leseni lazima arudi kwenye uchanganuzi aone kama hitimisho lake bado linasimama, na akikuta halisimami, aombe marekebisho ya leseni.

Kuhusu majengo ya zamani, mfano wake ni Piketon, Ohio. Majengo makubwa yalijengwa huko mapema miaka ya 1980 kwa mradi wa sentrifuji wa serikali uliofutwa mwaka 1985, na kiwanda cha American Centrifuge, kilichopata leseni Aprili 2007, kilipangwa kutumia majengo hayo hayo. Kifungu cha 70.64 kinahusu viwanda vipya na michakato mipya katika viwanda vya zamani, kwa hiyo umri wa jengo si kisingizio. Lakini kazi inageuka: badala ya kusanifu kufikia mzigo, unapima nguzo na viungo vilivyopo, unauliza vinabeba kiasi gani, kisha unalinganisha na mchoro wa hatari wa sasa. Jengo likipungukiwa, mwombaji ana njia tatu za halali: aliimarishe, aondoe humo kile kinachofanya ajali iwe kubwa, au atafute kitu kingine cha kutegemea badala ya jengo, kwa mfano vali inayojifunga yenyewe ardhi inapotikisika. Hiyo ya tatu hupendwa kwa sababu ni rahisi, na ndiyo ambayo mimi ningeihoji zaidi, maana vali nayo imefungwa kwenye ukuta wa jengo lile lile.