Dalali akishaonyesha nyumba anakaa kimya: nimdai taarifa gani, na kwa utaratibu upi? (Dodoma)

Kisasa_B

Wakuu, salaam. Nauza nyumba Kisasa: vyumba vitatu, kimoja masta, kiwanja mita za mraba 620, hati ipo ya miaka 99. Bei niliyompa dalali ni milioni 120. Wateja wanakuja, hilo sina shida nalo. Shida inaanza wakishaondoka. Nikiuliza "vipi?" najibiwa "wameipenda bosi, wanajipanga". Baada ya hapo kimya, na simu inayofuata ni "bosi, punguza kidogo". Nipunguze kwa sababu ipi?

Mimi niko Dar. Nyumba ni tupu, funguo anazo dalali wa kwanza, na kuna wengine wawili wanaopitisha watu kwake. Naomba kuelekezwa: mteja akishaona nyumba, mwenye nyumba anatakiwa aambiwe nini, ndani ya muda gani, na hizo taarifa nizifanyie nini? Ushauri wa "tafuta dalali mwingine" nimeshaupata wa kutosha.

---

Udalali_Makole

Mkuu, "wameipenda, wanajipanga" ni jibu la mtu anayelinda kitu. Hapo kuna vitu viwili vya kulindwa.

Kimoja ni cha juu, yaani hela dalali anayoongeza juu ya bei yako. Wewe umesema 120, mtaani inatangazwa 135 au hata 140. Mteja akisema bei kubwa, analalamikia 140 usiyoijua wewe. Dalali akikuletea maneno hayo yalivyo utamuuliza "kwani alitajiwa ngapi?" na mambo yanaharibika hapo hapo. Ndiyo maana unaletewa "punguza kidogo" isiyo na maelezo. Ukishuka hadi 112, cha juu kinabaki palepale na mteja anaona bei imeshuka.

Cha pili ni mteja mwenyewe. Hakuna dalali asiyeogopa kurukwa. Akikutajia jina la mteja na wizara anayofanya kazi kule Mtumba, mji wa Serikali, kesho mnamalizana wenyewe yeye akiwa bado anadai hela ya bodaboda. Kwa hiyo kabla ya kudai taarifa, ondoa hofu hizo: kamisheni iandikwe, cha juu kikataliwe kwa maandishi, na kila mteja aliyeletwa aandikwe kuwa ni wa nani.

Nunua kaunta buku moja, likae ndani ya nyumba. Kila ukurasa uwe na safu hizi: tarehe na saa, jina la kwanza la mteja na tarakimu tatu za mwisho za simu yake, dalali aliyeongozana naye, bei aliyotajiwa, saini. Tarakimu tatu hazikutoshi wewe kumpigia, lakini zinatosha kuthibitisha baadaye kwamba mteja huyu aliletwa na fulani. Safu ya bei aijaze mteja kwa mkono wake. Hiyo ndiyo roho ya daftari, na dalali mwenye cha juu hatalipenda. Ukurasa upigwe picha na kutumwa kwako siku hiyo hiyo kabla ya saa 2 usiku.

Kuhusu wale wawili wengine: ukiwa na dalali wa dalali, maneno ya mteja yanapita midomo mitatu kabla ya kukufikia. Anayetoa taarifa awe yule aliyeingia na mteja ndani, si mwenye funguo aliyebaki getini.

Sasa maswali. "Ameipendaje?" ni swali bovu. Mtu wa kwetu hakwambii nyumba yako mbaya. Atasema nzuri, tutawasiliana. Dalali amuulize njiani wakati wa kurudi, picha ya nyumba ikiwa bado kichwani. Akisubiri kumpigia kesho yake atajibiwa kwa adabu tu. Na aulize vitu vyenye jibu fupi: kati ya hii na zile nyingine ulizoona wiki hii, ipi ungerudi kuiona? Ungekuwa umeshainunua, ungeanza kubadilisha nini? Nani mwingine lazima aione kabla hujaamua? Unalipa taslimu, kwa awamu, au mkopo? Mengine hayahitaji kuuliza, ni ya kuangalia kwa macho: alikaa dakika ngapi, chumba gani alikirudia, nini aliuliza bila kuchokozwa.

Ujumbe unaofaa unafanana na huu:

*"Jmosi saa 5 asubuhi. Mteja Joseph, simu inaishia 418. Katajiwa 120. Kakaa dk 25, karudi jikoni mara mbili. Kauliza tenki lita ngapi na bomba la DUWASA linatoa siku zipi. Kaona nyingine Ilazo 105, haina fensi. Kikwazo: alama ya maji kwenye dari ya sebule. Mkopo wa benki. Anamleta mke Jumatano."*

Mistari sita. Anayeshindwa kuandika hiyo, ama hakuwepo, ama hakumsikiliza mteja.

---

Mama_Ipagala

Kaka, umesema nyumba ni tupu na wewe uko Dar. Hakikisha LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ina uniti na tenki lina maji, kisha anayeonyesha afungue madirisha nusu saa kabla ya mteja kufika. Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi linaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Maoni mengi ya "imechakaa" ni giza, vumbi na harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Na kumbuka kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba isiyonunuliwa umeme miezi kadhaa, deni linajilimbikiza, ukija kununua wa elfu tano unaona hela imeliwa.

---

MkatabaKwanza

Nimeunga mkono la daftari, naongeza la karatasi.

Dalali ni wakala wako. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma anapotakiwa. Kwa hiyo kuuliza bei aliyoitaja kwa mteja si umbea, ni haki yako. Kwa vitendo, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, nakala mbili, saini na shahidi. Yasikose haya:

- bei yako na kiwango cha kamisheni (mjini hapa utasikia asilimia 5 hadi 10, jadilianeni), na kwamba hakuna kitakachoongezwa juu yake;
- kamisheni inalipwa hela ikishaingia benki, na kama mteja analipa kwa awamu, nayo inalipwa kwa uwiano huo huo;
- muda, siku 90 zinatosha, na mteja aliyemo kwenye daftari anabaki kuwa wa dalali huyo kwa miezi 6 baada ya muda kuisha;
- taarifa kwa maandishi siku ya kuonyesha, na ofa yoyote ifikishwe kwako hata kama dalali anaiona ndogo.

Hilo la mwisho watu hulisahau. Dalali mwenye cha juu akipewa ofa ya 118 anaikataa mwenyewe, maana kwake haina kitu. Wewe hutajua kamwe kwamba ilikuwepo.

Kuna wanaosema "cha juu hakinihusu mradi nipate 120 yangu". Kinakuhusu. Mnunuzi aliyetoa 135 atataka mkataba wa mauzo useme 135. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kwa hiyo milioni 15 ambazo hukuzishika zinakuongezea kodi ya milioni 1.5. Kama huna vielelezo vya gharama za ujenzi na ununuzi, utaratibu ulioingia na Sheria ya Fedha ya 2023 ni asilimia 3 ya bei ya mauzo au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hapo nyongeza ni 450,000. Kamisheni yenye risiti unaweza kuiingiza kwenye gharama za mauzo. Cha juu hakina risiti.

La hati: mteja akimaliza kuona nyumba na kuomba nakala, hiyo ni dalili nzuri, ila usimtumie dalali picha ya hati nzima izunguke kwenye makundi ya WhatsApp. Toa namba ya kiwanja na kitalu, mteja akafanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Nakala kamili aione kwa wakili. Na kama una ndoa, sema mapema kwamba ridhaa ya mwenzi itapatikana. Mteja mwenye wakili ataiuliza tu, na kigugumizi hapo huleta ukimya usioelezeka.

---

Mthamini_Dom

Wenzangu wamemaliza la kupata taarifa, niseme la kuzisoma.

Kauli ya mteja mmoja iandike uiache. Kitu kikitajwa na watu watatu wasiojuana, hicho kina kazi. Na angalia walipoishia. Wanaofika getini wakageuza gari tatizo lao liko nje: njia mbovu, korongo la jirani, au picha za tangazo zilizopigwa kwa kuficha. Rangi mpya haitasaidia. Wanaoingia, wanakaa, wakasifia, wasirudi, hao wameilinganisha na nyingine na bei imeshindwa. Wanaorudi na fundi kisha wakapotea, fundi kaona kitu.

Kwa Dodoma kitu hicho mara nyingi ni nyufa. Yapo maeneo yenye udongo wa mbuga, unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, na msingi usiozingatia hilo unacheza. Ufa mwembamba kama uzi kwenye lipu ni wa kawaida. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupitisha ukingo wa kadi ya benki, huo mteja ana haki ya kuukimbia. Kosa linalofanyika ni kuuziba kwa putty na kupaka rangi Ijumaa ili mteja wa Jumamosi asiuone. Fundi anaona kiraka kipya na anadhani unaficha zaidi ya kilichopo. Afadhali weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe ukutani, pima tena baada ya miezi miwili. Usipotembea, una jibu la kumpa mteja. Ukitembea, mwite mhandisi kabla hujagusa bei.

Alama ya maji kwenye dari ni nafuu kuliko watu wanavyodhani: msumari wa bati uliolegea au mfereji wa bonde la paa uliojaa majani. Tengeneza paa kwanza, dari baadaye, tena kabla ya mvua za Desemba. Fremu za milango zigongwe na mpini wa bisibisi. Zikilia kama debe tupu, mchwa wameshakula ndani.

Maji ndiyo swali la kwanza la karibu kila mnunuzi hapa. Tenki la lita 1,000 kwa nyumba ya vyumba vitatu linasomeka kama shida. Ukiambiwa "wanaogopa maji", kabla ya kukata milioni 5 ulizia bei ya tenki la lita 5,000 na mnara wake. Utaona ni ipi nafuu.

Halafu usichanganye ukimya wa mteja na ukimya wa benki. Mteja wa mkopo anasubiri benki imtume mthamini wake, na mkopo unapimwa kwa thamani atakayoiandika huyo, si kwa bei yako. Huyo usimuulize "umefikia wapi?". Muulize "mthamini ameshapangiwa siku?" Kama bado, hakuna sababu ya kushusha bei.

---

Kisasa_B

Asanteni sana wakuu. Nimempigia dalali kuhusu daftari, akanijibu "bosi huniamini?" Maswali mawili: je, nikipata namba ya mteja nimpigie mwenyewe? Na hii 120 nishushe au niache?

---

Udalali_Makole

Mwambie daftari linamlinda yeye. Asipolitaka, siku wale wawili wakigombania mteja mmoja nani atamtetea? Kama bado anagoma, umeshajua kwa nini anakaa kimya.

Kumpigia mteja peke yako hapana. Ukifanya hivyo mara moja, habari inafika Nkuhungu hadi Nzuguni kwamba wewe unaruka watu, na hakuna atakayekuletea mteja wa maana. Pigeni simu ya pamoja, dalali akiwa kwenye laini, na wewe sikiliza zaidi ya kueleza. Mteja akitaja kasoro usibishane naye. Muuzaji anayetetea dari anamfanya mteja anyamaze, na hapo taarifa imekufa.

---

MkatabaKwanza

La bei: usishushe bado. Subiri safu ya nne ya daftari. Ikionyesha wateja walitajiwa 135, basi 120 yako haijawahi kuingia sokoni, na hakuna aliyeikataa. Andika ujumbe mmoja kwa madalali wote watatu kwa wakati mmoja, bei ileile, kamisheni ileile, na uwatake wafute matangazo ya zamani leo leo. Mteja akikuta nyumba moja ina bei tatu, anapigia aliyeandika ya chini na kuanza kushusha kuanzia hapo. Mteja aliyeahidi kurudi apewe bei hiyo kwanza, kabla hajaiona kwenye tangazo.